Kimya Kingi Nyumbani

Wazee wetu walisema: Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mara nyingi twalitumia neno hili kwa mambo ya baraza na magomvi ya ukoo. Leo nataka tulichukue mpaka jikoni na chumbani, mahali mume na mke wanapokaa kila siku. Maana kuna nyumba ambazo hakuna anayesikia kelele ndani yake, na majirani huzisifu kwamba zina amani. Kumbe ndani lipo neno lililopasa kusemwa jioni moja, likawekwa mpaka kesho, kesho ikawa mwaka, na mwaka ukawa miaka kumi. Siku mshindo unapotokea, watu hushangaa na kuulizana: Wale nao wamepatwa na nini?

Nimechagua kulieleza jambo hili kwa njia ya hadithi fupi ambazo waandishi wa nchi mbalimbali wamezitunga. Labda mtu ataniuliza: Hadithi za kubuni zina faida gani? Si uongo mtupu? Namjibu hivi: Bibi zetu walipotuketisha karibu na moto wakatuambia habari za Sungura na Fisi, hatukusema kwamba wanatudanganya. Tulimjua Fisi ni nani pale kijijini. Tena hadithi ina faida moja kubwa. Nyumbani kwangu naujua moyo wangu tu; moyo wa mwenzangu naukisia. Lakini mwandishi hodari hutufunulia mioyo miwili pamoja, tukaona mahali walipopishana. Na zaidi ya hayo, ni rahisi mume na mke kuzungumza habari za mtu wa Urusi kuliko kuanza moja kwa moja na habari zao wenyewe.

Basi natoa hadithi tano. Tuzitazame moja moja.

FUNDI ALIYECHELEWA

Anton Chekhov alikuwa Mrusi, na kazi yake ilikuwa udaktari. Mwaka 1885, akiwa bado kijana wa miaka 25, aliandika hadithi iitwayo Huzuni. Ndani yake yumo Grigory Petrov, fundi hodari sana wa kukereza mbao, lakini mlevi na mvivu. Amekaa na mkewe Matryona miaka 40. Jioni moja arudi nyumbani amelewa kama ilivyo desturi yake, anatukana na kukunja ngumi. Mkewe siku zote humtazama kwa macho ya unyonge, lakini jioni hiyo amkazia macho yasiyogeuka, kama macho ya watakatifu katika picha, au macho ya mtu anayekata roho. Fundi aogopa. Aazima farasi kwa jirani, amlaza mkewe katika gari la kukokotwa juu ya theluji, na kushika njia ya hospitali.

Njiani upepo wavuma, theluji yapiga, farasi hana nguvu. Fundi asema bila kukoma. Aeleza jinsi atakavyomsihi daktari, na zawadi atakayompa, kisanduku cha sigara cha mbao nzuri. Amwambia mkewe kwamba hatampiga tena, kwamba anamhurumia. Ndipo aona jambo moja: theluji inayoanguka juu ya uso wa mkewe haiyeyuki. Aushika mkono wake, nao waanguka kama gogo.

Hapo fundi alia. Aona kwamba miaka 40 imepita kama ukungu, katika ulevi, magomvi na ufukara, na kwamba mkewe amekufa saa ile ile yeye alipoanza kumhurumia. Atamani kuanza maisha upya: anunue chombo kipya cha kukerezea, apokee kazi, ampe mkewe fedha. Lakini wapi! Naye mwenyewe baridi yampata, na azindukapo hospitalini aambiwa kwamba mikono yake na miguu yake imekwisha kwenda.

Angalieni, wasomaji. Fundi huyu hakuwa bubu. Alisema kila siku: matusi, amri, na porojo za ulevi. Neno moja tu hakulisema miaka 40 yote, nalo ni lile alilolisema njiani penye theluji, wakati masikio yaliyolingoja yamekwisha kufa. Je, sisi hatuna mafundi wa namna hii? Mtu arudi kutoka kilabuni saa tatu ya usiku. Neno lake la kwanza ni: Chakula kiko wapi? Neno la pili ni: Mbona kimepoa? Neno la tatu halipo, maana amekwisha lala. Siku mkewe akizikwa, mtu huyo huyo husimama kaburini na kumsifu mpaka watu wote wakatoa machozi. Sifa zile zingalikuwa dawa kama angalizitoa mapema, hata moja tu kwa mwezi.

MKUFU WA KUAZIMA

Hadithi ya pili yatoka Ufaransa. Guy de Maupassant aliiandika mwaka 1884 na kuiita Mkufu. Bwana Loisel ni karani mdogo katika wizara ya elimu. Mkewe Mathilde ni mzuri wa sura, naye huona uchungu kila siku kwa kuwa si tajiri. Siku moja mumewe amletea barua ya mwaliko wa karamu kwa waziri, akidhani atafurahi. Mke aitupa juu ya meza na kulia. Kumbe hana nguo ya kuvaa. Mume ampa faranga 400, fedha zile zile alizojiwekea ili anunue bunduki ya kuwindia pamoja na rafiki zake. Kisha mke aazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake, Bibi Forestier.

Katika karamu hakuna aliyempita kwa uzuri. Warudi nyumbani alfajiri, na mke ajitazama katika kioo. Mkufu haupo! Waliutafuta njiani, kwa polisi, na katika ofisi za magazeti, wasiupate. Ndipo mume atoa shauri la hatari: mke amwandikie rafiki yake kwamba kifungo cha mkufu kimevunjika na wanakitengeneza. Hivyo wakapata siku chache za kutafuta mkufu mwingine uliofanana na ule. Bei yake ilikuwa faranga 36,000. Mume alikuwa na urithi wa baba yake, faranga 18,000. Nyingine alikopa huku na huku, hata kwa wala riba. Wakaurudisha mkufu bila kusema neno. Kisha wakalipa deni miaka 10. Walimwachisha kazi mtumishi wao, wakahamia chumba chini ya paa, mke akafua na kuchota maji mpaka uzuri wake ukaisha, mume akafanya kazi ya kunakili hesabu za watu usiku.

Deni lilipokwisha, Mathilde alikutana na Bibi Forestier njiani, akamweleza yote. Yule bibi akamshika mikono kwa huruma. Kumbe mkufu wake wa kwanza ulikuwa wa bandia, bei yake haikuzidi faranga 500!

Watu wengi wasomao hadithi hii husema ni hadithi ya majivuno. Ni kweli. Lakini mimi naona ni hadithi ya barua moja ya uongo. Kama wangalimwendea mwenye mkufu siku ile ile na kusema: Tumeupoteza, tusamehe, twaomba utueleze bei yake, basi mambo yangalikwisha palepale sebuleni. Aibu ya saa moja iliwatisha, wakanunua taabu ya miaka 10.

Na sisi je? Mama akopa fedha katika kikundi, mume hajui. Baba auza magunia mawili ya mahindi gizani, mke hajui. Kila mmoja alipa deni lake kwa kujificha, na kulipa huko kwahitaji uongo mwingine, kisha mwingine. Siku mwenye deni anapobisha mlangoni, kinachovunja nyumba si fedha. Mtu aweza kusamehe shilingi elfu hamsini. Ni vigumu zaidi kusamehe miezi sita ya kudanganywa huku mnakula sahani moja.

HABARI ILIYOLETWA NA MTU MWINGINE

Hadithi ya tatu ni ya hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya aliandika hadithi iitwayo Kurudi, ambayo imo katika kitabu chake cha hadithi fupi cha mwaka 1975. Habari zake ni za siku za hali ya hatari, iliyotangazwa Kenya mwaka 1952 na kuondolewa mwaka 1960, wakati maelfu ya watu walipowekwa kizuizini.

Kamau atoka kizuizini baada ya miaka mitano. Atembea kwa miguu katika vumbi, mzigo wake begani, na moyo wake wote umo kwa mkewe Muthoni. Mtoni awakuta wanawake wa kijiji wakiteka maji. Awaamkia kwa furaha, nao wampokea kwa ubaridi. Afika nyumbani, aulizia mkewe. Wazazi wake hawana la kujibu ila kweli yenyewe: Karanja, kijana wa rika lake, alikuja na habari kwamba Kamau amekufa. Walimwamini. Muthoni naye aliamini, akamlilia. Karanja akazidi kuja, mpaka Muthoni akapata mtoto, akaenda zake pamoja naye. Kamau arudi mtoni amechanganyikiwa, na mzigo wake uliokuwa umebeba kumbukumbu za miaka ile waanguka majini na kuchukuliwa.

Hapa hatuwezi kumlaumu Muthoni upesi. Alimngoja mumewe katika njaa na dhiki. Lakini mdomo mmoja, wa mtu aliyekuwa na tamaa yake, ukawa daraja pekee kati ya mume na mke. Mwenye daraja akalivunja.

Siku hizi hatuko katika vita, lakini waume wengi wako mbali: mijini, mashambani kwa watu, migodini. Simu iko mfukoni. Hata hivyo habari bado zaletwa na Karanja. Jirani asema: Nimemwona mumeo na mwanamke stendi. Shemeji asema: Mkeo siku hizi hachelewi kwenda gulioni. Naye mwenye kuambiwa, badala ya kumpigia mwenziwe simu na kumwuliza kwa upole, hununa. Simu ikilia haipokei. Fedha za matumizi zakoma, bila maelezo. Upande wa pili nao washangaa, nao wanuna. Katika miezi mitatu ndoa yafa, na hakuna aliyemwuliza mwenziwe swali hata moja. Wasomaji, kuuliza si ujinga. Habari ya mwenzako itake kwa mwenzako.

TAA ZILIPOZIMIKA

Hadithi ya nne ni ya Jhumpa Lahiri, bibi aliyezaliwa London kwa wazazi Wahindi, akakulia Marekani. Imo katika kitabu cha mwaka 1999 ambacho mwaka 2000 kilipata tuzo kubwa ya Pulitzer. Shukumar na Shoba ni mume na mke vijana wanaokaa Boston. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa amekufa, na wakati ule Shukumar alikuwa safarini. Tangu siku ile wamekuwa kama wapangaji wawili. Mmoja ala chumba hiki, mwingine ala chumba kile. Hawagombani. Wapishana tu.

Ikaja taarifa kwamba kwa siku tano umeme utakatika saa moja kila jioni, ili mafundi watengeneze waya. Basi wakalazimika kula pamoja kwa mshumaa. Katika giza lile Shoba atoa shauri: kila mmoja aseme jambo ambalo hajapata kumwambia mwenziwe. Waanza kwa mambo madogo, uongo mdogo wa zamani, makosa madogo. Kila usiku wafunguka zaidi, na Shukumar adhani kwamba ndoa yao yapona. Kumbe Shoba alikuwa akijipa nguvu ya kusema neno lake la mwisho: amepata nyumba nyingine, aenda kukaa peke yake. Ndipo Shukumar naye atoa siri aliyoificha kwa upendo. Siku ile hospitalini aliwahi kumshika mtoto wao mikononi. Alikuwa mvulana. Shoba hakujua jambo hilo. Hadithi yaisha wote wawili wakilia pamoja kwa sababu ya mambo waliyokwisha kuyajua.

Mwandishi hasemi kama walirudiana. Mimi nafikiri jambo la kutazama ni kwamba walilia pamoja kwa mara ya kwanza, na kwamba walichelewa kulia. Katika vijiji vyetu kina mama wengi wamezaa watoto wasiopumua. Mama huambiwa: Nyamaza, utapata mwingine. Baba hupewa jembe akachimbe kaburi dogo, kisha huondoka kwenda kilabuni, na watu husema yeye ni mwanamume, hana neno. Mama aona kwamba mumewe hakuumia. Baba aona kwamba mkewe hataki kuguswa. Wote wawili wamelia, mmoja jikoni na mwingine shambani, na hakuna aliyeyaona machozi ya mwenziwe. Yafaa tuwaache walie pamoja, na kumtaja mtoto wao bila kuogopa.

MTOTO ASIYESIKILIZWA

Nyumba si mume na mke tu. Marehemu Ama Ata Aidoo wa Ghana aliandika hadithi juu ya Adjoa, msichana wa miaka saba, mwembamba wa miguu. Hadithi hiyo imo katika kitabu chake cha mwaka 1997. Nyumbani wako watatu: Adjoa, mama yake, na bibi yake. Kila mtoto huyu afunguapo kinywa kusema analofikiri, bibi humkataza asirudie tena neno hilo, au huangua kicheko. Bibi na mama hubishana kila siku juu ya miguu yake, kwamba ni myembamba mno, haitaweza kuchukua nyonga za kuzalia watoto. Wabishana mbele yake, bila kumwuliza yeye aonaje.

Shuleni Adjoa achaguliwa katika mbio. Aelezapo nyumbani, kwanza hawamsadiki. Bibi aenda kutazama mwenyewe, na siku ya mbio Adjoa ashinda na kupewa kikombe. Bibi akibeba mgongoni kile kikombe kama mtoto mchanga, na kukiri kwamba kumbe miguu myembamba nayo ina faida yake.

Hadithi hii yachekesha, lakini ina onyo. Mtoto aliyezoea kunyamazishwa akiwa na miaka saba hatawaambia wazazi wake akiwa na miaka 15 kwamba kuna mtu anamfuata njiani atokapo shule. Kumkataza mtoto utovu wa adabu ni wajibu wetu. Kumfunga mdomo ni jambo jingine, na hatari yake twaiona baadaye.

TUFANYE NINI?

Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu ni kuandika katika daftari. Kila niandikapo ndoa nakumbuka jambo moja: ndoa haifungwi kwa kimya. Bwana arusi na bibi arusi ni lazima waseme, kila mmoja kwa kinywa chake, mbele ya padre na mashahidi wawili. Mwenye kuinamisha kichwa tu huambiwa: Sema! Basi jambo lililoanza kwa kusema litaendeleaje kwa kununa? Kwa hiyo natoa mashauri haya machache.

Kwanza, tengeni saa ya kusemezana. Si lazima kungoja umeme ukatike kama Boston. Baada ya chakula cha jioni, watoto wakiisha kulala, zimeni redio na simu, mkaulizane: Leo umeshindaje? Tena yule anayeuliza angoje jibu.

Pili, jambo la fedha lisemwe siku ile ile, kabla halijazaa. Deni dogo likisemwa ni la watu wawili. Likifichwa hulipwa na mmoja kwa riba ya hofu.

Tatu, msiseme mkiwa na hasira kali, wala mbele ya watoto na wakwe. Kunyamaza usiku mmoja ili moyo upoe ni busara. Kunyamaza wiki tatu ili mwenzako aumie ni kumpiga bila fimbo.

Nne, sema la wema pia. Mke apikaye kila siku astahili kuambiwa ahsante. Mume aletaye chumvi na mafuta ya taa kwa jasho lake naye astahili. Mioyo ya watu wazima nayo yaona njaa.

Walakini nisieleweke vibaya. Kuna nyumba ambazo maneno peke yake hayatoshi. Mke anayepigwa kila Jumamosi asiambiwe kwamba dawa ni kutafuta maneno matamu zaidi. Huyo naye kimya chake ni hatari, lakini ni kimya cha kuvunjwa nje: kwa wazazi, kwa wasimamizi wa ndoa, kwa padre, na kwa polisi pia inapobidi. Matryona wa Chekhov alivumilia miaka 40, na hakuna jirani aliyempa farasi mapema.

Basi, ndugu wasomaji, someni ukurasa huu pamoja, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akisikiliza. Mkimaliza, kila mmoja amwulize mwenziwe: Katika watu hawa wa hadithi, mimi nafanana na nani? Jibu likiwa chungu, usiondoke kitini. Usimamapo na kutoka nje, kimya chaingia na kukaa mahali pako.